Makala juu ya makala: nishati ya kemia inakaa wapi?

Mhariri wa jarida hili akitangaza kwamba anahitaji makala, mtu wa Lubumbashi asiyezoea mambo ya vitivo anaweza kumletea gunia. Kwa sikio neno ni moja, kwa asili ni mawili. La kwanza limetoka katika Kiarabu, maqala, yaani maandishi yanayoeleza jambo fulani. La pili ni la Kibantu: makala ya kuwasha katika mbabula, yale ambayo watu wa pwani wanayaita makaa au mkaa. Mwanafunzi wa isimu ataona mara moja kilichotokea. Kiswahili cha pwani kiliidondosha l kati ya irabu. Ndiyo maana nzala ya Kiluba na Kilingala huko inaitwa njaa, na makala yanaitwa makaa. Kiswahili chetu cha Katanga kinaishi nyumba moja na Kiluba, na l yake kinayo.

Haya basi ni makala juu ya makala. Wenzetu wa kitivo cha sayansi wataniuliza mtu wa lugha anatafuta nini katika shimi. Natafuta kitenzi. Muulize mtu yeyote anayepepea mbabula, moto unatoka wapi? Atakujibu: ndani ya makala. Tunasema makala haya yana moto, yale hayana nguvu, haya yanatunza moto mpaka asubuhi. Vitabu vya shule navyo vinasema hivyohivyo kwa maneno makubwa zaidi: nishati ya kemia ni nishati iliyohifadhiwa ndani ya kitu. Kuwa na, kutunza, kuhifadhi, ndani ya. Lugha nzima inatufanya tuyaone makala kama bidoni la maji: nishati imejaa ndani, tunafungua, inamwagika. Maoni yangu ni kwamba picha hii inadanganya, na kwamba udanganyifu wake hauishii katika mtihani. Unaingia mpaka katika chumba cha kulala.

Kwanza kipimo. Neno nishati tumelipata katika Kiarabu, ambako lina maana ya uchangamfu. Katika fizikia ni uwezo wa kufanya kazi au kutoa joto, na hupimwa kwa juli, kutokana na jina la Mwingereza James Prescott Joule. Juli moja ni karibu kazi ya kuinua embe dogo la gramu 100 mita moja kutoka chini. Kilo moja ya makala mazuri ikiungua yote hutoa karibu juli milioni 29, yaani megajuli 29. Kwa nishati hiyo ungeweza kuinua tani moja, tuseme gari dogo, karibu kilomita 3 kwenda juu. Hicho ndicho kinachopita katika mbabula ya jikoni, na sombe bado haijaiva.

Kosa la bidoni lina historia ndefu, na liliwahi kuwa na jina la heshima. Mwanzoni mwa karne ya 18 Mjerumani Georg Ernst Stahl alifundisha kwamba kila kitu kinachoweza kuungua kimebeba ndani yake kitu kiitwacho flogistoni, kutokana na neno la Kigiriki la kuungua. Kikiungua, flogistoni inatoka. Makala yalikuwa mfano wake mzuri kabisa: yanaungua mpaka yanabaki majivu kidogo tu, kwa hiyo, walisema, ni karibu flogistoni tupu. Nadharia hii haikuwa ya wajinga. Iliwaongoza wanakemia wakubwa kwa zaidi ya nusu karne. Joseph Priestley alipoipata oksijeni mwaka 1774, kwa kuchoma unga mwekundu wa zebaki, aliiita hewa iliyoondolewa flogistoni. Kitu chenyewe alikuwa nacho mkononi, lakini lugha aliyoirithi ilimlazimisha kukiita kwa kile kisichokuwamo.

Huko Paris Antoine Lavoisier alitumia mizani. Mwaka 1772 aliona kwamba salfa na fosforasi zikiungua zinaongezeka uzito. Kama kuna kitu kinachotoka, uzito unaongezekaje? Jibu lake, ambalo lilikomaa katika miaka iliyofuata, lilikuwa kwamba kuungua ni kupokea: kitu kinachoungua kinashikana na sehemu fulani ya hewa. Sehemu hiyo akaipa jina la oxygène, mzaa asidi, kwa kuwa aliamini kila asidi inayo ndani. Hilo halikuwa kweli. Asidi ya chumvi haina oksijeni hata chembe. Lakini jina lilikuwa limekwisha kukaa, na likishakaa nani ataling'oa? Watu wa istilahi watanielewa. Mwaka 1787 yeye na wenzake watatu walitoa utaratibu mpya wa majina ya kemia, na humo neno carbone likatengwa na charbon ili makala ya jikoni yasichanganywe na elementi iliyomo ndani yake. Kwa hiyo kaboni yetu ya vitabuni ni makala ya Kilatini, carbo, yaliyovalishwa nguo za maabara. Katika utangulizi wa kitabu chake cha 1789 Lavoisier anaeleza kwamba alidhani anashughulikia lugha tu, kurekebisha majina, na kazi ikageuka mikononi mwake ikawa kitabu cha kemia. Utangulizi huo ungefaa kusomwa kwetu kabla ya kusomwa kwao.

Sasa hesabu. Chukua gramu 12 za kaboni, vipande vichache vya ukubwa wa harage. Ili ziungue zote zinahitaji gramu 32 za oksijeni: mshirika asiyeonekana ana uzito karibu mara tatu ya yule anayeonekana. Atomu za kaboni zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, na kuzitenganisha kunagharimu kilojuli 717. Oksijeni ya hewani nayo inatembea wawiliwawili. Kuwatenganisha kunagharimu kilojuli 498. Mpaka hapa tumelipa 1215 na hatujapata joto lolote. Kisha kila atomu ya kaboni inashikana na mbili za oksijeni, na ni kushikana huku kunakotoa, kiasi cha kilojuli 1608. Ondoa gharama: inabaki 393. Hiyo 393 ndiyo inayochemsha maji. Katika mbabula atomu hazifuati hatua hizi moja baada ya nyingine kama wanajeshi, lakini hesabu ya nishati hutazama mwanzo na mwisho tu, na jumla haibadiliki.

Tazama upande uliotoa. Kuvunja kifungo hakutoi nishati hata siku moja. Kuvunja ni gharama kila mara. Kinachotoa ni kuunga. Hata hivyo utakuta katika vitabu vingi, vya Kifaransa na vya Kiswahili pia, sentensi isemayo kwamba vifungo vinavunjika na nishati iliyofichwa inatoka. Ni bidoni lilelile, limepakwa rangi mpya. Na hapa Kiswahili kinatutegea mtego wa ajabu. Tuna funga na fungua, ziba na zibua, vaa na vua. Sikio limezoea kwamba mnyambuliko huo unatengua kazi iliyofanywa. Basi likisikia unga na ungua, linaelekea kuamini kwamba kuungua ni kinyume cha kuunga, yaani kuachana. Sidai kwamba maneno haya mawili yametoka katika mzizi mmoja. Nasema tu jinsi yanavyogongana sikioni. Ukweli wa kemia ni kinyume cha mgongano huo: kinachoungua kinaungana.

Nishati iko wapi basi? Iko kati. Ni ya wawili ambao bado hawajashikana. Makala peke yake, yakipelekwa mwezini ambako hakuna hewa, yasingepasha moto hata kikombe cha chai. Tena ikibidi kumtaja mmoja kuwa ndiye mwenye mali, ningemtaja oksijeni kabla ya makala, maana kifungo kinachowashika wale wawili wa hewani ni dhaifu kikilinganishwa na vile watakavyovifunga baadaye na kaboni au na haidrojeni. Na ile gharama ya mwanzo ndiyo inayofanya gunia la makala likae barazani miezi mitatu, hewa imelizunguka pande zote, bila kuwaka. Lazima mtu alipe kwanza kwa kiberiti na karatasi. Baada ya hapo joto la vipande vya kwanza linavilipia vya pili.

Kiswahili kina kiambishi kinachofaa kabisa kwa jambo hili: -ana. Hakuna mtu mmoja anayependana, wala jiwe moja linalogongana. Kitendo chenyewe kinadai wawili, na sarufi inakataa sentensi ikiwa mmoja tu ametajwa na mwingine haeleweki. Kuungua kwa kemia ni kitendo cha namna hiyo. Lakini kitenzi tulichorithi kina nafasi moja tu: makala yanaungua, nyumba imeungua, mkate umeungua. Oksijeni haina kiti katika sentensi. Kifaransa hakituzidi kwa hili. Nacho kinasema le charbon brûle, na mshirika anasahauliwa vilevile.

Nani aliwatenganisha hawa wawili? Mti. Jani linachukua hewa ya kaboni dioksidi na maji, na kwa nishati ya jua linaachanisha kile kilichokuwa kimeshikana: oksijeni linairudisha hewani, kaboni na haidrojeni linazibakiza katika ubao. Jua ndilo lililolipa gharama ya talaka. Msitu wa miombo unaozunguka Lubumbashi na Likasi ni hesabu kubwa ya gharama hiyo, iliyolipwa kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Mchoma makala hajasikia habari za Stahl, lakini oksijeni anaijua kuliko wengi wetu. Anapanga magogo, anayafunika kwa majani na udongo, anawasha, anaacha matundu machache, kisha analinda kwa siku kadhaa. Ufa ukitokea usiku akiwa amelala, asubuhi atakuta majivu. Kazi yake yote ni kumnyima mshirika. Ndani ya udongo joto linafika nyuzi 300 mpaka 500, maji na gesi na lami vinafukuzwa, kinabaki kitu ambacho sehemu kubwa ni kaboni. Bei ya kazi hiyo ni kubwa. Katika tanuru la udongo kilo moja ya makala hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Tuchukue 7. Kuni kavu hutoa karibu megajuli 17 kwa kilo, kwa hiyo zimeingia megajuli 119 na zimetoka 29. Robo tatu zimebaki porini kama moshi na joto la bure. Watu wakitaka kulaumu kwa ajili ya msitu unaorudi nyuma, huwa wanamtazama kijana wa baiskeli iliyopakiwa magunia mpaka haionekani. Hasara kubwa imekwisha kutokea kabla yeye hajaanza kukanyaga. Mji unayapenda makala kwa sababu za kweli: ni mepesi kwa safari, hayaozi, moshi wake ni kidogo, na umeme ukikatika resho haina maana.

Jikoni nako hesabu inashangaza. Kuchemsha lita mbili za maji ya bukari, kutoka nyuzi 20 mpaka 95, kunahitaji kilojuli 630 hivi, sawa na gramu 22 za makala kama hakuna kinachopotea. Ni kipande kimoja kisichojaza kiganja. Tunajua sote kwamba kipande kimoja hakichemshi kitu. Katika mbabula ya bati iliyo wazi, mara nyingi chini ya robo ya joto hufika kwenye sufuria. Lililobaki linapasha ua, mikono ya mpishi na anga la Katanga.

Kabla sijafika chumbani, niseme neno juu ya shaba, maana hapa makala yalifanya kazi ambayo haihusu kupasha moto tu. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyochimbuliwa mwaka 1957 na 1958, ilipatikana misalaba midogo ya shaba, ndugu wa ile misalaba ya Katanga ambayo mwaka 1960 iliwekwa katika bendera ya jimbo lililojitenga. Shaba hiyo ilitokana na jiwe la kijani, malakiti, na katika malakiti shaba imeshikana na oksijeni. Ukilipasha jiwe peke yake unapata unga mweusi, wala si chuma cha kung'aa. Mhunzi alilichanganya na makala. Ndani ya tanuru kaboni, hasa ikiwa katika umbo la gesi ambalo nitalieleza baadaye, inaipokonya shaba oksijeni yake, kwa sababu kifungo cha kaboni na oksijeni ni cha nguvu kuliko kile cha shaba na oksijeni. Mali inakwenda kwa yule anayeishika zaidi. Shaba inabaki peke yake na, joto likipita nyuzi 1085, inatiririka. Mababu wa Katanga walitumia hili karne nyingi kabla ya Lavoisier kuzaliwa, na hawakuhitaji flogistoni.

Tumbo nalo ni mbabula, na hii si methali. Katika majira ya baridi ya 1782 na 1783 Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimweka mnyama mdogo, cobaye, yule ambaye huko Kivu anaitwa dende, katika chombo kilichozungukwa na barafu. Walipima barafu iliyoyeyuka kwa joto la mwili wake, wakapima pia hewa aliyoitoa. Kisha wakayachoma makala katika chombo kilekile. Kwa kiasi kimoja cha kaboni dioksidi, joto la dende lilizidi kidogo lile la makala, lakini yalikaribiana kiasi cha kuwafanya waandike kwamba kupumua ni kuungua, kuungua kwa polepole sana. Wanga wa bukari hutoa kilojuli 17 kwa gramu, na kilo ya unga wa mahindi ina megajuli 15 hivi. Mtu mzima anayekula megajuli 8.6 kwa siku anatoa wastani wa wati 100, sawa na balbu ya zamani, na angelipwa kwa makala angehitaji gramu 300. Tofauti ni kwamba mwili haungoji nyuzi 600. Vimeng'enya vinalipa gharama ya mwanzo kwa mafungu madogomadogo, hatua baada ya hatua, na kila hatua hutoa kidogo kinachoweza kutumika kabla hakijapotea. Mwanafunzi anayesinzia darasani saa sita bila kula hana upungufu wa oksijeni. Kwake ni mshirika wa pili aliyekosekana. Nzala, njaa: neno lile lile lililoponza l yake pwani.

Simu nitaipita haraka. Betri ya wati-saa 15 iliyojaa ina kilojuli 54, nishati ya gramu 2 za makala. Kobalti ya Kolwezi, mabilioni ya dola, na mwishowe gramu mbili! Sababu ni ileile ya wawili. Makala yanabeba upande mmoja tu na kukopa mwingine hewani bila kulipa, lakini betri inawabeba washirika wote wawili ndani ya kasha lake, pamoja na waya na kinga zao, kisha inatakiwa kuwaachanisha tena kila usiku inapochajiwa. Mbabula haiwezi kufanya hivyo.

Narudi kwenye chumba. Hesabu ya kilojuli 393 ilidhani kwamba kila atomu ya kaboni imepata oksijeni mbili. Ikipata moja tu, inazaa kaboni monoksidi, na joto linalotoka ni kilojuli 110. Zile 283 zilizobaki hazijapotea. Zinasubiri oksijeni ya pili. Umewahi kuona ndimi za buluu zikicheza juu ya makala yaliyokolea? Hiyo ndiyo kaboni monoksidi iliyozaliwa katikati ya rundo, ikikutana na hewa juu na kumaliza kuungua. Ndimi za buluu zikizimika na makala yakabaki mekundu, kimya, gesi inaendelea kuzaliwa lakini haiungui tena. Inapanda tu na kusambaa chumbani.

Hapa lugha inaua. Katika mabweni, au homu kama tunavyoziita, na katika nyumba nyingi za mjini, kanuni ya usalama inasemwa kwa maneno mawili: moshi umeisha. Mbabula inawashwa nje, moshi ukiisha inaingizwa ndani, hasa Juni na Julai, baridi ya Lubumbashi inapokaza na madirisha yamefungwa. Kanuni hiyo inafuata maana ya neno kwa uaminifu. Moshi ni kile kinachoonekana, kinachochoma macho, chenye harufu. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na haichomi macho. Katika maneno yetu ya kila siku hatuna jina la kitu hicho, kwa hiyo sentensi "moshi umeisha" inasikika kama "hatari imeisha", na hatari ndiyo kwanza inaanza. Na ile desturi ya kufunika makala kwa majivu ili yatunze moto mpaka asubuhi inazidisha tatizo, maana kutunza moto ni kuupunguzia hewa.

Picha ya bidoni inachangia. Mtu anayeamini kwamba moto umo ndani ya makala hana sababu ya kuuliza chumba kinatoa nini. Anayejua kwamba wako wawili ataanza kuhesabu hewa. Kilo moja ya makala, ili iungue yote vizuri, inahitaji oksijeni yote iliyomo katika karibu mita 10 za ujazo wa hewa. Chumba cha mwanafunzi chenye upana wa mita 3, urefu wa mita 3 na kimo cha mita 2.5 kina mita 22.5, na ndani wamo watu watatu wanaoitaka hewa hiyohiyo. Muda mrefu kabla oksijeni haijaisha, gesi imekwisha kuongezeka kiasi cha kutosha kuua.

Inaua kwa njia ya kemia tunayoizungumzia tangu mwanzo, kwa kushikana. Katika damu himoglobini hubeba oksijeni kwa kuishika kwa upole, ili iweze kuiachia mbele ya safari. Kaboni monoksidi inashikana na himoglobini ileile zaidi ya mara 200 kwa nguvu kuliko oksijeni, na haiachii upesi. Viti vinajaa, abiria halisi anabaki kituoni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Na usingizi unafanya mtu asisikie yoyote kati ya hayo. Dalili moja inafaa kujulikana na kila mtu anayeishi na wenzake: watu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa pamoja na wakipata nafuu wakitoka nje, tatizo liko chumbani. Sufuria la maji kando ya mbabula halisaidii, kwa sababu gesi hii karibu haiyeyuki katika maji.

Ningependa tuipe jina la Kiswahili ambalo bibi wa nyumbani anaweza kulitumia bila kwenda shule. Kaboni monoksidi ni sahihi, na litabaki katika vitabu, lakini halitatamkwa saa nne za usiku na mtu anayesinzia. Napendekeza sumu ya makala. Linataja chanzo, linataja tabia, halitaji moshi. Mwenye jina bora alilete katika toleo lijalo, tulijadili.

Aliyekutwa amelegea atolewe nje kwanza, mlango na madirisha vifunguliwe, na anayeingia kumtoa asikawie ndani. Kisha hospitali, hata akizinduka. Akipumua hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka katika damu baada ya saa 4 au 5. Akipewa oksijeni tupu, baada ya saa moja na kidogo. Hapo kuna jambo la kuangalia. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kinaisoma damu iliyojaa sumu hii kana kwamba ni nzima, kwa sababu nayo ni nyekundu, na kinaweza kuonyesha 98 kwa mtu anayekufa. Kwa hiyo aliyemleta mgonjwa asikae kimya kwenye benchi. Amwambie muuguzi wa kwanza atakayemwona, kwa lugha yoyote wanayoelewana, kwamba chumbani kulikuwa na mbabula.